Kucheza mbele katika raga ya ligi: mwongozo kamili kwa kijana wa Malindi

Kila mtaa wa Malindi una kijana wa miraba minne ambaye ameambiwa tangu shule ya msingi kwamba mwili ule ni wa raga. Anaambiwa Maweni, anaambiwa Muyeye, mwalimu wa michezo naye anatia neno. Kisha hatokei mtu wa kumwambia aanzie wapi. Mwongozo huu ni wa kijana huyo, na wa mzazi anayetaka kujua kama ni kazi kweli au ni njia nyingine ya kupoteza wakati. Nimeuelekeza kwenye raga ya ligi, ambayo huku kwetu wengi hawaijui lakini Uingereza na Australia ni ajira, na ndani yake nazungumzia kazi moja tu: kucheza mbele.

Niseme mapema ninachoamini. Mwili mkubwa utafanya utazamwe, ila mkataba unatokana na kuinuka. Unamkaba mtu, mnaanguka, unainuka, unarudi nyuma mita 10, unakaba tena. Anayeweza kufanya hivyo pumzi ikiwa imekatika ndiye anayetafutwa na makocha.

Hatua ya 1: Jua ni raga ipi

Raga wanayocheza Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, na ile ya Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, ni ya yunioni. Ya ligi ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, na ugomvi ulikuwa wa pesa. Wachezaji wa kule walikuwa watu wa migodini na viwandani. Wakienda kucheza walikatwa ujira wa siku, na vilabu vyao vilitaka kuwafidia. Wakuu wa raga wakakataa, vilabu vikajitoa. Mwaka 1906 vikapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na tangu hapo michezo hii miwili imekuwa ikiachana.

Mechi ni dakika 80. Timu yenye mpira inapewa nafasi sita za kukabwa. Ikikabwa mara ya sita bila kufunga, mpira unakwenda upande wa pili. Mtu akishaangushwa hakuna kugombea mpira chini kama katika yunioni. Anaachiwa, anasimama, anauweka mpira chini na kuurudisha nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota. Wakati huo wapinzani wote wanatakiwa wawe wamerudi mita 10, isipokuwa wawili wanaoruhusiwa kubaki mbele yake. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni pointi 4, mkwaju baada ya trai ni 2, na penalti ni 2.

Kwa mchezaji wa mbele, mambo mawili hapo yanabadilisha kila kitu. Hakuna ule mstari wa kurushiana mpira kutoka nje, na skramu, pale watu wa mbele wa timu mbili wanapofungamana vichwa chini, ipo lakini kusukumana kwa nguvu kumebaki jina tu. Jitu lililojijengea sifa kwa kusukuma skramu katika raga ya watu 15 likiletwa huku litakuwa hoi kabla ya robo saa. Kazi ni kukimbia na mpira ndani ya ukuta wa watu, kukaba, kurudi mita 10, na kuanza upya.

Hatua ya 2: Tafuta nafasi yako

Nafasi za mbele ni sita, na jezi zake ni namba 8 hadi 13.

Namba 8 na 10 ni mapropu. Ndio wazito, wengi kati ya kilo 105 na 120, na ndio wanaoupeleka mpira katikati, mahali penye watu wengi. Kwa kawaida propu hamalizi dakika 80. Anaingia kwa vipindi viwili vya dakika 20 na ushei, anapumzika benchi, anarudi. Namba 11 na 12 hucheza pembeni kidogo, ni warefu, wana mbio, na wengi hucheza mechi nzima. Namba 13 zamani alikuwa mtu wa kupasi; siku hizi timu nyingi zinamtumia kama propu wa tatu mwenye mikono mizuri.

Namba 9, huka, ndiye anayeokota mpira karibu kila unaporudishwa, na ndiye anayekaba kuliko wote. Si lazima awe mkubwa. Cameron Smith wa Melbourne Storm alicheza mechi 430 za ligi kuu ya Australia, NRL, kati ya 2002 na 2020, na ukikutana naye kituo cha matatu usingemdhania. Kwa hiyo ukiwa na kilo 82 na moyo wa kazi, usijishindilie ugali ili uwe propu. Jifunze kupasi kutoka chini, kushoto na kulia, hadi ifike kifuani kwa mwenzako bila yeye kupunguza mwendo.

Kwa vijana wetu wengi, warefu, wa kilo 90 hivi na wenye mbio, ningeanzia namba 11 au 12. Wakenya waliotangulia kulipwa katika mchezo huu Uingereza, Edward Rombo aliyekuwa Leeds na Lucas Onyango aliyepita Widnes na Oldham, walikuwa mawinga wa pembeni kabisa, watu wa mbio, si wa mbele. Ule mlango wa mbio unajulikana. Wa mbele bado haujazoeleka kwetu, kwa hiyo usitegemee kwamba kocha wa kule anamtarajia Mkenya hapo. Itabidi umwonyeshe.

Hatua ya 3: Jenga mwili kwa chakula cha hapa

Sehemu hii ndiyo inayowakwamisha vijana wengi, na wanapokwama hukimbilia kununua poda ya kujenga misuli. Poda utaikuta kwenye hatua ya 7. Tuanze jikoni.

Anayejenga misuli anahitaji protini gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 95 akichukua 1.8 anahitaji kama gramu 170. Inasikika nyingi, lakini hebu tuhesabu sahani. Asubuhi, mayai manne yana gramu 24, na bakuli la mbaazi za nazi lina kama 11. Mahamri ni nguvu ya kukimbilia, kula. Mchana, samaki aliyepikwa gramu 250 anakupa kati ya 55 na 60. Alasiri, nusu lita ya maziwa ni 16 na njugu kiganja kimoja ni 7. Usiku, vikombe viwili vya maharagwe vina 30, na kipande cha nyama au samaki cha gramu 100 kina 25. Umefika, na hakuna kilichotoka nje ya soko la Malindi. Samaki akipanda bei, dagaa wakavu watakuvusha. Kwa bei ni vigumu kuwashinda.

Ongeza uzito polepole, nusu kilo kwa wiki ikizidi sana. Ukienda haraka kuliko hapo unaongeza tumbo, na tumbo hilo utalibeba kila unaporudi mita 10.

Vyuma ni mara tatu kwa wiki. Jimu ya mtaani yenye vyuma vya saruji iliyomiminwa kwenye mikebe inatosha kwa mwaka wa kwanza. Chuchumaa na chuma mabegani, inua chuma kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, sukuma ukiwa umelala, jivute juu ya bomba. Hizo nne zinatosha. Lengo langu kwa kijana wa miaka 20 ni achuchumae na kuinuka na uzito wa mara moja na nusu ya mwili wake. Shingo usiisahau: mwenzako akusukume kichwa taratibu pande zote nne nawe uzuie, sekunde 10 kila upande. Vijana wanaiona ni mazoezi ya kuchekesha, lakini ndiyo inayobeba kichwa unapogongwa.

Joto la huku lina hesabu yake, hasa msimu wa kaskazi. Pima uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea ni lita moja ya jasho, na unapaswa kunywa lita moja na nusu kuirudisha, na chakula chenye chumvi. Dafu ni zuri lakini halina chumvi ya kutosha kwa mtu aliyelowa hivyo.

Kwa wanaofunga, Ramadhani si mwezi wa kujenga, ni mwezi wa kutopoteza. Vyuma viwe baada ya tarawehe, vyepesi kidogo, mbio fupi kabla ya kufuturu, na daku isirukwe. Sonny Bill Williams, Mwislamu aliyecheza namba za 11 na 12, alichukua ubingwa wa NRL na Roosters 2013, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba dini na kazi hii haviendi pamoja.

Hatua ya 4: Jifunze kukaba kabla ya kukimbia na mpira

Kila kijana anataka mpira. Anza na kukaba, kwa sababu katika mechi moja mchezaji wa mbele anaweza kukaba mara 30 na kubeba mpira mara 12 tu.

Tengeneza mfuko wa mazoezi kwa gunia la mahindi lililoshindiliwa makumbi ya nazi na kushonwa mdomo. Lisimamishe kwenye mchanga mkavu wa ufuoni, Silversands au hata Mambrui, ili mkianguka pasiwe na mtu wa kwenda hospitali. Sasa polepole, kwa kutembea kwanza. Macho juu, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa. Mguu wa upande wa bega unalotumia uingie karibu kabisa, kiasi kwamba kidole gumba kinagusa kitako cha gunia. Mguu ukibaki mbali utajikuta unaanguka na mikono mitupu. Bega liguse kwanza, kwenye usawa wa kiuno. Kichwa kikae pembeni, shavu limebanwa kwenye paja au tako la mpinzani, kamwe kisiwe mbele ya magoti au nyonga zake. Wanaozimia kwa kukaba, wengi kosa lao ni hapo kwenye kichwa. Baada ya bega, mikono ifunge na kuvuta kwako, kisha miguu iendelee kutembea hatua fupi fupi hadi alale.

Hapo ndipo wengi wanaposherehekea, na hapo ndipo kazi inapoanza. Unapoangukia juu yake, kifua chako kiwe juu ya kifua chake, uzito wote hapo, magoti yako nje ya mchanga. Kila nusu sekunde unayomchelewesha kuinuka kihalali, wenzako wanarudi kwenye mstari. Ndiyo maana timu za Australia huajiri makocha wa mieleka na jujitsu. Ukipata judo au mieleka Mombasa, jiunge hata kwa miezi michache. Refa akisema mwachie, mwachie. Ukichelewa ni penalti, na kocha hatasahau.

Ukiwa wewe ndiye umekabwa, usilale chali. Geuka utue kwa magoti na viwiko, jisukume kama unayepiga pushapu, simama ukiangalia goli la wapinzani, weka mpira, urudishe kwa mguu. Rudia hadi iwe kitendo kimoja. Kijana anayefanya hivi haraka na kwa unadhifu anaonekana kwenye video hata na asiyejua jina lake.

Hatua ya 5: Pumzi

Subiri maji yakupwe. Mchanga mgumu uliolowa ndio uwanja; ule mkavu uachie mazoezi ya kukaba, kwa sababu kukimbilia humo kila siku kunaumiza ukano wa kisigino. Piga mistari miwili yenye umbali wa mita 10. Lala kifudifudi kwenye wa kwanza, inuka, kimbia hadi wa pili, lala, inuka, rudi kinyumenyume macho yakiwa mbele, lala tena. Mara sita, kisha pumzika sekunde 40. Hiyo ni seti moja ya kukabwa. Anza na seti nane mara mbili kwa wiki, uongeze hadi 16. Siku utakapoweza 16 na kumrushia mwenzako mpira safi baada ya ya mwisho, umeshakuwa karibu na kipindi kimoja cha propu. Saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Jua la mchana halikuongezei kitu.

Hatua ya 6: Pata mechi na picha

Huku kwetu njia ya kupata mechi ni raga ya yunioni. Ichukue, ila ujue unatafuta nini ndani yake: kukaba, kubeba mpira, mazoea ya kugongwa. Mombasa ni kilomita 120 hivi kwa matatu, na vilabu vya pale hupokea vijana mazoezini. Mashindano ya Driftwood ya wachezaji saba kila upande huchezwa Mombasa na huleta vilabu vikubwa vya Nairobi na bara. Nenda hata kama huchezi. Baada ya msimu au miwili, ikiwa unatawala pwani, hamia klabu ya Kenya Cup. Ndiyo ngazi ambayo kocha wa nje akiitafuta anaikuta.

Mtu wa kurekodi simu ikiwa imelala upande, kutoka mahali pa juu, awepo kila mechi. Video ya dakika nne inatosha, lakini iache kabisa muziki na trai za mbio ndefu. Weka mikabo 15, mibebo 10, na mfululizo mmoja mrefu usiokatwa unaoonyesha unafanya nini baada ya kukaba. Andika juu yake urefu, uzito, tarehe ya kuzaliwa na muda wako wa mita 40.

Hatua ya 7: Kile kinachoingia mwilini

Muguka na miraa zina kathini, na kathini imo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa siku ya mechi ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo. Bangi pia imekatazwa siku ya mechi. Wakala wa kupambana na dawa za kusisimua misuli nchini, ADAK, ulianzishwa 2016 na hupima hata wachezaji wa raga. Hakuna kisingizio cha kutojua: kilichokutwa mwilini mwako ni chako.

Poda na vidonge vya jimu ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa sababu chombo kinaweza kuwa na kitu kisichoandikwa kwenye lebo. Kama huwezi kununua kilichopimwa na maabara huru, usinunue. Kreatini yenyewe inaruhusiwa.

Hatua ya 8: Kutoka nje

Hapa niseme bila kupamba. Kutoka Malindi moja kwa moja hadi Super League, ligi kuu ya Uingereza, ni jambo gumu sana. Visa ya mwanamichezo kule inahitaji klabu ikudhamini na chama cha mchezo kithibitishe kwamba kiwango chako ni cha juu, na vilabu vina kikomo cha wachezaji wa nje. Chini ya Super League kuna Championship, ambako wachezaji wengi wana kazi nyingine mchana na hufanya mazoezi jioni. Klabu ya namna hiyo si rahisi kumdhamini mtu kutoka Kenya. Na ukienda Uingereza kwa visa ya mwanafunzi, jua kwamba hairuhusu kucheza kama mchezaji wa kulipwa. Unaweza kucheza kwa kujifunza katika timu ya chuo, nayo si haba.

Ufaransa husahaulika. Kusini mwake, Carcassonne, Limoux, Albi, mchezo huu una mizizi, na Catalans Dragons wa Perpignan wamo ndani ya Super League tangu 2006. Vilabu vya chini huko hutafuta watu wa mbele. Jifunze Kifaransa cha kuombea maji na kuelewa maagizo.

Australia ina vilabu vya miji midogo ya mashambani ambavyo hulipa kwa kila mechi. Visa ya mwanafunzi kule huruhusu kazi ya saa 48 kwa wiki mbili masomo yakiendelea, lakini karo ni kubwa na lazima uwe unasoma kweli. NRL yenyewe, yenye vikosi vya wachezaji 30, huwachukua vijana wakiwa wadogo: Jason Taumalolo alianza kuichezea Cowboys mwaka 2010 akiwa na miaka 17, na 2017 akasaini nao mkataba wa miaka 10. Ukiwa na miaka 24 unagonga mlango ambao wenzako waliingilia utotoni. Unagongeka, ila kwa kazi ya ziada.

Wakala akikuomba pesa za majaribio, za barua ya mwaliko au za kuharakisha visa, kata simu. Klabu inayokutaka haikutozi. Tafuta namba ya klabu mwenyewe kwenye tovuti yao, piga, uliza kama wanamjua. Mzazi akae kwenye mazungumzo hayo, hata kama una miaka 22 na unaona aibu.

Hatua ya 9: Ukishapata mkataba

Soma mambo haya kabla ya jina la klabu: nani analipa tiketi ya kwenda na kurudi, bima ya matibabu inaendelea muda gani ukiumia, mshahara unalipwa ukiwa majeruhi au hapana, klabu inaweza kukuacha kwa sababu gani, na kodi inakatwa kiasi gani. Mwanasheria wa Malindi anaweza kukusomea kwa ada ya kawaida.

Mazoezi ya kabla ya msimu Uingereza huanza karibu na Novemba, kwenye baridi na tope. Mwili uliozoea kusi na kaskazi utagoma wiki za mwanzo. Misuli hupasuka kwa kukosa kupashwa moto. Fika kiwanjani mapema kuliko wengine, upashe mwili kwa nusu saa.

Utaumia. Kano za goti zikikatika ni miezi 9 hadi 12. Bega ndilo linalowamaliza wengi wa mbele. Ndilo lililomstaafisha Sam Burgess, mchezaji wa mbele wa South Sydney, mwaka 2019. Watu wanampenda kwa fainali ya NRL ya 2014, alipovunjika mfupa wa shavu kwenye mgongano wa kwanza na bado akacheza hadi mwisho, South Sydney wakashinda 30-6 naye akawa mchezaji bora. Mimi naona vijana wanajifunza kitu kibaya kutoka hapo. Mfupa huunga, ubongo hauko hivyo. Ukigongwa kichwa ukaona giza, ukasahau alama za mechi au ukataka kutapika, toka uwanjani na umwambie daktari ukweli. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walieleza kukuta ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwagongwa kichwa katika wachezaji wawili wa zamani wa NRL. Tangu 2023 NRL inawaweka nje siku 11 kwa uchache walio wengi wa waliotikiswa ubongo. Ukitaka kurudi siku ya saba, hushindani na kanuni, unashindana na mke na watoto utakaowahitaji ukiwa na miaka 50.

Kazi ikienda vizuri itaisha karibu na miaka 33. Jamie Peacock, propu wa Leeds, alifika 37, akastaafu 2015 Leeds wakiwa wametwaa vikombe vitatu msimu huo, lakini huyo ni wa kipekee. Simu za nyumbani zitaanza mwezi wa kwanza wa mshahara: karo ya binamu, paa la nyanya, harambee. Weka kiwango cha kutuma kila mwezi, umwambie mama peke yake ni kiasi gani, na yeye ndiye agawe. Kinachobaki kigawe: cha kula na kodi ya nyumba, na cha kiwanja au biashara hapa, kwenye akaunti isiyo na kadi. Cheti cha ufundi, iwe umeme, mabomba au ukocha, kimalize kabla ya kuondoka, kwa sababu ukiwa kule na mazoezi ya kutwa hutapata nafasi ya kukaa darasani.